Kutafuta kazi na kufanya kazi nje ya nchi: tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa wenye taaluma zao, wahandisi, wauguzi, wahasibu, watu wa kompyuta, waliotafuta kazi nje wakapata au wakakosa, na hata waliokwenda wakarudi. Mambo ya kuzamia na kujilipua yana nyuzi zake. Hapa tuelezane ulianzaje, nani alikusainia mkataba, na ulipofika ofisini ulikutana na nini. Mwenye "njoo pembeni nikupe mchongo" apite mbali.

Naanza mimi. Ni mhandisi wa umeme, nipo Ujerumani. Wengi hudhani kazi kubwa ni kumpata mwajiri. Kwangu mwajiri alipatikana mapema, kilichonitoa jasho ni vyeti. Wajerumani wana hifadhidata yao ya vyuo na shahada za nje, inaitwa anabin, ipo wazi mtandaoni. Unatafuta chuo chako humo uone kimepewa alama gani. Kikiwa na H+, yaani kinatambuliwa, na shahada yako nayo imo, unachapisha kurasa hizo, unaziambatanisha na maombi ya viza, umemaliza. Chuo kikikosekana, au chuo kipo ila shahada yako haimo, utapeleka vyeti vifanyiwe tathmini rasmi, na hapo ndipo miezi inapopotea. Mimi nilikuwa kundi hilo la mwisho. Mwajiri alivumilia, lakini naye ana mradi wenye tarehe zake. Kwa hiyo angalia anabin kabla hujatuma hata barua moja ya maombi.

Kuna pia kibali cha Chancenkarte, kilianza Juni 2024, cha kwenda kutafuta kazi ukiwa kule kule. Ambaye vyeti vyake havijatambuliwa kikamilifu anahitaji pointi zisizopungua 6, zinazotokana na umri, lugha, uzoefu na kadhalika, pamoja na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Kinatolewa hadi mwaka mmoja, na ukiwa nacho unaruhusiwa kufanya kazi ya muda, saa 20 kwa wiki. Mimi nakiona kinamfaa mwenye Kijerumani cha kueleweka tayari. Bila lugha, saa hizo 20 utaziishia jikoni mwa mgahawa ukiosha vyombo, na mwaka ndiyo huo unakatika.

Ofisini nako kuna mambo yake. Wiki za mwanzo mkuu wa kitengo alichukua mchoro wangu wa bodi ya umeme, akautandaza mezani mbele ya wote, akaupiga mistari myekundu kuanzia kona moja hadi nyingine. Kisha akanigeukia, "Twende tukale?" Nikajua ndiyo chakula cha kuagana. Kumbe hata mzee aliyekaa pale miaka mingi naye michoro yake inachorwachorwa vilevile, na hakuna anayenuna. Kipindi cha matazamio huwa hadi miezi sita, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya wiki mbili. Usikimbilie kukopa gari.

Karibuni.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Asante mkuu. Mimi nipo Uingereza, hospitali ya umma. Kwa wauguzi njia inapita kwa NMC, baraza lao la uuguzi na ukunga. Kuna mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta ambao unaweza kuufanyia kwenu, halafu ukishafika kuna wa vitendo, OSCE, wenye vituo 10.

Huo wa vitendo ndio unaowaangusha watu, tena si kwa sababu hawajui kazi. Niliokuwa nao kwenye darasa la maandalizi walikuwa wauguzi wa miaka mingi, mtu anatafuta mshipa gizani. Wakaanguka kwa vitu kama kutotamka kwa sauti. Unaingia kituo cha dawa, mgonjwa ni mwigizaji, msahihishaji amesimama na karatasi yake. Unatakiwa kunawa mikono, kujitambulisha, kumuuliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kulinganisha na mkanda wa mkononi, kumuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, ndipo uguse kidonge. Ukiangalia mkanda kwa jicho tu bila kusema, aliye na karatasi hana cha kuweka alama. Jizoezeni kusema kila mnachofanya, hata kama mtajiona vichaa.

La pili ni hili la kazi za kulea wazee. Mlango ulifunguliwa Februari 2022, na madalali wakaingia kazini. Dada niliyepanga naye nyumba alilipa fedha nyingi kwa ajili ya cheti cha udhamini, ile hati ya mwajiri inayoombewa viza, akaahidiwa saa 39 kwa wiki. Alipofika akawa anapewa zamu mbili, wiki nyingine hakuna kabisa. Baadaye kampuni ile ikanyang'anywa leseni ya udhamini, naye akaandikiwa barua ya siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Alipata, lakini zilikuwa siku za kutolala. Tangu Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuleta walezi wapya kutoka nje kwa njia hiyo, kwa hiyo anayekuuzia "kazi ya kulea wazee Uingereza" leo mwambie akauze karanga.

Mtaambiwa mwangalie orodha ya wadhamini wenye leseni, serikali yao inaichapisha mtandaoni. Angalieni, ndiyo, ila kampuni iliyomleta dada yule ilikuwemo humo. Orodha inaonyesha leseni ipo, haionyeshi kama kazi ipo. Dai mkataba unaotaja idadi ya saa na ongea na mtu anayefanya kazi pale sasa hivi, si aliyeletwa na dalali.

Mhasibu wa Dubai

Nami nichangie kwa ufupi, jambo moja tu: mshahara wa msingi.

Huku ofa inakuja na namba moja nono, dirhamu 10,000 kwa mfano, halafu ndani imegawanywa: msingi 4,000, yanayobaki marupurupu ya nyumba na usafiri. Mwezi hadi mwezi huoni tofauti. Tofauti utaiona siku ya kuondoka, kwa sababu kiinua mgongo kinapigwa kwenye mshahara wa msingi, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Kwa msingi wa 4,000, miaka mitano ni dirhamu 14,000. Jumla ikibaki 10,000 ileile lakini msingi ukawa 6,000, unaondoka na 21,000. Mimi ni mhasibu, nilipiga hesabu hiyo kabla ya kusaini, nikaomba wanipandishie msingi. Wakapandisha kidogo. Wenzangu waliniambia hawakujua kama jambo hilo linaombwa.

Na pasipoti ni yako. Sheria ya kazi ya 2021 inamkataza mwajiri kushikilia hati zako. Akiihitaji kwa ajili ya viza, mpe kwa maandishi, irudi.

Mdau wa Toronto

Mimi niliingia Kanada kwa pointi za Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, sikuwa na mwajiri. Nikafika nikiwa mkazi halali, CV imenyooka, na kila usaili swali ni moja: uzoefu wa Kanada uko wapi? Uzoefu unapatikana kazini, kazi inataka uzoefu. Nikabeba boksi kwenye ghala huku natuma maombi usiku. Kilichonitoa ni mtu mmoja wa fani yangu niliyemwandikia kumuuliza kuhusu kazi yake, siyo kumwomba kazi. Alinipa nusu saa, baadaye akanikumbuka nafasi ilipotokea.

Angalau kuanzia Januari 2026 jimbo la Ontario limekataza waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi kuandika sharti hilo kwenye matangazo ya kazi. Kama wataacha na kuuliza, tutaona.

Halafu walio na miaka 28, 29 na bado "wanajipanga": pointi za umri zinaanza kushuka mkifika 30.

Mhitimu mpya

Shikamooni wakubwa. Kuna wakala amenitumia ofa ya kazi ya hoteli, anataka nilipie "usajili" kwanza ndipo mkataba utoke. Sijafanyiwa usaili wowote. Hii ni halali?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Mwajiri wa kweli anataka akuone, japo kwa video, ajue kama unaweza kazi. Ofa isiyo na usaili ni mtego. Na Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unasema mawakala binafsi wasimtoze mtafuta kazi ada. Si nchi zote zimeuridhia, lakini kukuomba hela kabla hujauona mkataba kunatosha kukufanya uache. Tafuta tovuti ya hoteli yenyewe, piga namba iliyoko pale, si aliyokupa yeye, uliza kama wanaijua ofa hiyo.

Mhitimu mpya

Nimepiga. Wamesema hawana nafasi hiyo na wakala huyo hawamjui. Asanteni sana. Sasa nianze na nini?

Muuguzi wa zamu ya usiku

Anza na jina lako mdogo wangu. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cha chuo na pasipoti, vyote visomeke sawasawa, herufi kwa herufi. Kuna mtu kwetu wodini "y" moja ilimchelewesha, ikabidi aape kwa wakili kwamba watu wawili ni yeye mmoja. Na barua ya uthibitisho wa kazi iombe ukiwa bado unafanya kazi pale, yenye tarehe, cheo na majukumu. Ukishaondoka, bosi akahama au kampuni ikafungwa, utamwomba nani?