Tupeane uzoefu: kudai fidia ya bima kwa mtoto aliyeumia ubongo kwenye ajali ya gari

Wakuu, salaam. Mtoto wa dada yangu aligongwa na daladala akivuka kwenye zebra, katoka shule. Pale MOI Muhimbili walimpasua wakatoa damu iliyovilia kichwani. Leo anatembea, anaongea, ukimwona njiani utasema kapona. Ila huyu alikuwa wa tatu darasani. Sasa cha asubuhi mchana hakikumbuki, na hasira hazimwishi. Bima wameleta karatasi tusaini tuchukue pesa. Waliopitia haya, tusaini au tusisaini?

Mama Tunu
Pole sana. Msisaini kwanza. Wangu aligongwa akiwa chekechea, akaruhusiwa mapema, tukashukuru Mungu. Kifafa kilimwanza yuko darasa la pili. Hiyo karatasi isomeni vizuri: kuna mahali imeandikwa mmepokea malipo ya mwisho na hamtadai tena. Sisi daktari ndiye aliyetushtua. Alisema ubongo wa mtoto bado unakua, kwa hiyo kasoro nyingine hazionekani mpaka masomo yawe magumu, mtoto atakiwe kupanga mambo na kujizuia. Tungechukua zile pesa mwanzoni, dawa za leo zingekuwa juu yetu.

Karani Mstaafu
Nimefanya kazi ofisi ya wakili miaka mingi, niongezee hapo kwa Mama Tunu. Kwa Tanzania madai ya uzembe wa namna hii yana ukomo wa miaka 3, lakini kwa mtoto muda hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe miaka 18. Kwa hiyo anayewaambia "saini leo, muda unaisha" anawakimbiza tu. Hata hivyo msibweteke, mashahidi huhama na majalada hupotea. Kesi hufunguliwa na mtu mzima kwa niaba ya mtoto, na ikishafika mahakamani huyo mtu mzima hawezi kupatana na upande wa pili wala kupokea pesa bila ruhusa ya mahakama. Sheria inamlinda mtoto hata na wajomba zake (mtanisamehe, nimeyaona).

Kusanyeni PF3 (fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi), ripoti ya ajali ya trafiki na mchoro wake, taarifa zote za hospitali, na nakala ya hukumu ya dereva. Hiyo hukumu watu huidharau wakisema "alilipa faini yakaisha". Faini ni ya serikali. Ninyi mnachokitaka ni kule kutiwa hatiani, maana kwenye kesi ya madai dereva hawezi tena kukana kosa.

Wa Likoni
Huku Kenya tulianza na P3 (fomu ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha) na abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali. Bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, kinachozidi unamdai mwenye gari. Kilichotusaidia sana ni madaftari! Wakili aliyaweka mezani ya kabla ya ajali na ya baada, mwandiko wa mtoto yule yule. Na barua ya mwalimu wa darasa.

Kijana wa Msamvu
Kwetu babu alipokea laki tano mbele ya mjumbe, akaweka dole gumba. Mpaka leo wakili wa mwenye gari anatembea na hiyo karatasi. Mdogo wangu hajarudi shule.

Mleta mada
Asanteni mno. Nimeongea na shemeji, hasaini. Ripoti za shule tunazo tangu darasa la kwanza. Kuna jambo moja: daladala limepakwa rangi upya na stika ya bima ya siku ile haipo kiooni. Tuna namba ya gari tu.

Karani Mstaafu
Namba inatosha. Ingia kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima Tanzania) wa kuhakiki stika, iweke. Usiangalie kama bima iko hai leo, angalia tarehe ya kuanza na ya kuisha: siku ya ajali lazima iwe katikati. Chapisha hiyo kurasa uiweke kwenye jalada. Kampuni ya bima ikikaa kimya baada ya barua yenu ya madai, malalamiko yapelekeni TIRA kwa maandishi, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.