Yule bwana kamwita Mangi Meli MHALIFU mbele ya baba yangu!

Wakuu, ndio naingia Moshi sasa hivi, mikono inatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, anayejifanya kutembeza watu kwenye mambo ya kale pale Arusha, fimbo mkononi kama mnyapara.

Tumemlipa atuonyeshe picha za polisi na magereza ya enzi za Mjerumani. Baba yangu ni mzee wa Old Moshi, kavaa koti lake la kanisani. Kufika kwenye picha ya Mangi Meli, mtawala wetu Wachagga wa Old Moshi enzi hizo, bwana anaigonga na fimbo, to! to! "Huyu alikuwa mhalifu, akahukumiwa, akanyongwa." Mhalifu! Mbele ya mzee!

Meli huyu huyu aliyewapiga Wajerumani mwaka 1892 mpaka kamanda wao von Bülow akafa? Wakaja kumnyonga Old Moshi Machi 2, 1900, na wenzake 18, kichwa inasemekana wakakipeleka Ujerumani, ukoo wake unakitafuta mpaka leo. Aliyechukua kichwa ndiye polisi, mwenye kichwa ndiye mhalifu?

Baba hakumjibu. Alivua kofia, akasema twendeni. Nyuma yetu fimbo bado, to! to! Na kulikuwa na watoto wa shule wanaandika kwenye madaftari. Wameandika MHALIFU!

Kilima_Baridi: Pole sana mkuu. Mimi aliniambia ile mahakama ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilinyonga watu. Wapi! Adhabu yao kubwa ilikuwa kifungo cha maisha.

Dogo_wa_Ngarenaro: Wachagga na Meli wenu! Hela mlimpa kabla au baada?

Mleta uzi: Kabla. Lakini hoja sio hela, kamwita mhalifu mbele ya mzee!

Dogo_wa_Ngarenaro: 😂😂 Basi na nyie kawanyonga.

Mama_Kiboriloni: Mpe mzee shikamoo yangu. Ila afadhali nyie. Mimi pale mnara wa saa flaikacha, wale wanaowaganda wageni kuwauzia vitu, kaning'ang'ania mpaka nimenunua bangili ya mkono mwembamba kuliko wa mjukuu wangu.

Kilima_Baridi: Hapo mnara wa saa usiniambie. Nimeuziwa mhindi wa kuchoma, upande mmoja mkaa, upande wa pili mbichi.

Mleta uzi: Jamani, Mangi Meli!

Dogo_wa_Ngarenaro: Huo mhindi bei gani lakini?