Mjomba yuko Marekani tangu 1999, anataka kuja kufanyia usaili wa grinkadi Nairobi. Naombeni ushauri

Mwanzo_Mpya: Wakuu, habari za jioni. Mjomba aliingia Marekani Machi 1999 kwa viza ya matembezi, akapewa miezi sita, hakuondoka. Mwanawe mzaliwa wa huko ametimiza miaka 21 na amemwombea kwa fomu I-130. Tumeona aje amalizie usaili ubalozini Nairobi. Huchukua muda gani? Na ni kweli kwamba ukipitisha miaka ishirini unapewa makaratasi tu? Hapa nyumbani hatulali.

KalamuNyeusi: Asipande ndege! Sheria iliyosainiwa na Clinton 30 Septemba 1996 iko hivi: ukizidisha siku 180 bila kibali kisha ukatoka, unazuiwa kurudi Marekani kwa miaka 3. Ukifikisha mwaka, miaka 10. Siku zinahesabiwa kuanzia 1 Aprili 1997, na adhabu inakukuta ukishatoka nje, si ukiwa ndani. Kuna msamaha wa fomu I-601, ila lazima uthibitishe kwamba mke au mzazi wako mwenye uraia au grinkadi ataumia mno. Mtoto hahesabiki, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Aliyeingia kwa viza akakaguliwa, akiombewa na mtoto raia wa miaka 21, anamalizia hukohuko kwa I-485, fomu ya kuomba grinkadi ukiwa ndani ya Marekani, hata kama muda wake uliisha zamani.

MzeeWaMafaili: Hiyo ya miaka ishirini ina asili yake. Sheria ya Marekani ya 1929 iliruhusu aliyeingia kabla ya 3 Juni 1921, ambaye kumbukumbu ya kuingia kwake haipo, aandikishwe kama mkazi halali. Bunge likaisogeza tarehe hiyo 1939, 1958, 1965, na mara ya mwisho 1986, ilipowekwa 1 Januari 1972. Haijasogezwa tena mpaka leo. Mwaka 1986 ilikuwa inamfaa mtu aliyekaa miaka 14 na ushee. Sasa inataka zaidi ya hamsini. Mjomba wa 1999 hayumo.

Nuru_ya_Asubuhi: Tuseme ukweli, ndugu zangu. Miezi sita ni miezi sita. Mgeni akiaga kwa wakati anakaribishwa tena, na familia nzima inapata heshima ubalozini.

KalamuNyeusi: Mwanzo_Mpya, nijibu hili kwanza. Tangu 1999 hajatoka hata mara moja? Hata msibani?

Mwanzo_Mpya: Alitoka 2004 kumzika bibi. Akarudi kupitia Mexico. Lakini hayo ni ya zamani, hakuna aliyemuuliza tangu hapo. Na tiketi tumeshakata, ni ya tarehe 14, hairudishiwi pesa.

Mpekuzi: Mkuu, hii umetunga. Juu umeandika "hakuondoka", sasa ametoka, amezika na amerudi. Kesho utatuambia ana kesi mahakamani. Unaandika insha ya chuo, sema tu tukusaidie.

MzeeWaMafaili: Hata mimi tarehe zimenipa wasiwasi.

Mwanzo_Mpya: Sijatunga. Niliogopa kuandika mambo ya Mexico hadharani. Ni ndugu wa mama yangu huyu.

KalamuNyeusi: Iwe imetungwa au la, kuna atakayesoma na yakawa yake. Aliyekaa bila kibali zaidi ya mwaka, akatoka, kisha akapenya mpaka bila kupokelewa, marufuku yake ya kurudi ni ya kudumu. Ataishi nje miaka 10 kwanza ndipo aombe ruhusa ya kurudi kwa fomu I-212. Kwa hiyo kila kitu kinategemea alivyopita. Kwa miguu porini, au getini?

Mwanzo_Mpya: Kwa gari, getini. Alikaa nyuma. Ofisa alichungulia, akapunga mkono wapite. Yeye hakuulizwa kitu.

KalamuNyeusi: Hilo ndilo ungeanza nalo! Mwaka 2010 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua katika kesi ya Quilantan kwamba aliyejitokeza getini akapitishwa na ofisa amekaguliwa na kupokelewa, hata asipoulizwa swali. Ikithibitika, ile marufuku ya kudumu haimgusi na njia ya I-485 inafunguka. Ila mzigo wa ushahidi ni wake: kiapo cha dereva, aina ya gari, geti gani, saa ngapi, pasipoti yenye mhuri wa Mexico kama ipo. Na kuna shimo moja baya. Dereva alisema nini dirishani? Mjomba akiwa alidai kwa mdomo wake kuwa ni raia wa Marekani, tangu 1996 dai hilo la uongo linamfungia grinkadi, na kwa kesi kama yake halina msamaha. Sahauni tiketi. Aombe nakala ya faili lake kwa sheria ya uhuru wa habari, aone kama kuna amri ya kumfukuza iliyotolewa bila yeye kujua, kisha ampe wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Kabla ya hapo asitie saini fomu yoyote.

Mpekuzi: Nimeondoa neno langu. Dereva bado yupo?

Mwanzo_Mpya: Nasikia yuko Houston. Nampigia mjomba sasa hivi nimuulize maneno yaliyosemwa pale dirishani.