Kutoa kipande cha ini na chembe sahani 118,000, inawezekana?

Muulizaji: Jamani, kaka angu anataka kumtolea baba kipande cha ini, vipimo vyote viko poa ila chembe sahani (zile za damu zinazosaidia damu kuganda) ni 118,000 na kawaida si inaanzia 150,000, ndo basi tena?

Jibu 1: Pole ndugu, msikate tamaa. Warudie kipimo kwa chupa yenye sitreti, maana EDTA, ile dawa inayowekwa kwenye chupa ya kawaida ya kipimo hiki kuzuia damu isigande, kwa watu wengine inafanya chembe zishikane, mashine inahesabu pungufu; sitreti nayo inazuia kuganda ila ni dawa tofauti. Na waangalie kwa hadubini.

Jibu 2: Zikiwa chache kweli watafute sababu, homa ya ini, HIV, dawa. Bandama ikiwa imevimba huenda ini lake lenyewe lina shida, hapo asitoe kabisa. Baada ya upasuaji zinashuka zaidi.

Muulizaji: Asanteni mno, namuuliza daktari hilo la chupa.