Nimepata boksi zima la CD, ila kijitabu hakina maneno ya nyimbo. Niziuze zile za zamani?

Msikilizaji wa Usiku:
Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kabla sijafanya kitu cha kujutia.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya CD za baritoni (mwimbaji wa sauti ya kati ya kiume) mmoja ninayempenda sana, sasa marehemu, moja moja, nyingi za mkono wa pili. Ninazo 34, kila moja kwenye kava lake la plastiki. Mwezi uliopita nikanunua boksi lenye kila alichorekodi kwa lebo (kampuni ya kurekodi) moja: CD 58, kila moja ndani ya bahasha ya karatasi ngumu iliyochapwa jaketi la santuri ya awali. Boksi ni zuri, sibishi. Linakaa rafuni kwa upana wa kiganja, wakati zile 34 zinakula sentimita 34 kavu. Mwenzangu kashaniuliza mara mbili: "Sasa zile nyingine zinafanya nini hapa?" Na mimi nikaona ana hoja, maana sauti ni ile ile.

Shida imeanza jana usiku. Nimeweka Winterreise ya mtunzi Schubert, mfululizo wa nyimbo 24 za Kijerumani, na Kijerumani changu kinaishia kwenye salamu. Nikafungua kijitabu cha boksi nifuate maneno. Kurasa zaidi ya 60: picha za marehemu akiwa kijana, picha za marehemu akiwa mzee, insha ya kumsifu, halafu orodha ya CD. Maneno ya nyimbo hakuna hata mstari. Nikageuza bahasha, nikakuta maelezo ya nyuma ya santuri yamechapwa kama yalivyokuwa, herufi kama msafara wa sisimizi. Nikapiga picha kwa simu nikakuza, wino umeshikana tu.

Nikairudia CD yangu ya zamani. Kijerumani kushoto, tafsiri kulia, siku na mahali pa kurekodia, jina la mpiga piano. Na mwenye nayo wa kwanza ameandika kwa penseli pembeni mwa wimbo wa mwisho: "polepole". Nikakaa nayo mpaka saa saba usiku.

Je, niziuze? Nibaki na vijitabu tu? Au nirudishe boksi?

Jibu Fupi:
Uza. Maneno yote yako mtandaoni. Karatasi ni vumbi tu.

Mzee wa Santuri:
Mleta uzi, pole, lakini hujaibiwa. Hayo ndiyo maumbile ya maboksi ya namna hiyo, na ukijua sababu zake utajua cha kufanya.

Kwanza herufi. Jaketi la santuri lina upana wa sentimita 30 na ushee, bahasha ya CD ina 12 na kidogo. Kila kitu kimepunguzwa mara mbili na nusu. Herufi iliyokuwa na kimo cha milimita 2 inabaki chini ya 1. Aliyetengeneza boksi hakukusudia usome, alikusudia ukumbuke. Tena mara nyingi kilichochapwa nyuma ya bahasha hakilingani na kilichomo: santuri ilibeba dakika 45 hivi, CD inabeba mpaka 80, kwa hiyo wanajazia kipande cha santuri nyingine ambacho jaketi halikijui. Ukitaka ukweli wa kilichomo, soma orodha ya kwenye kijitabu.

Pili maneno. Mashairi yenyewe hayana mwenyewe tena: Wilhelm Müller aliyeandika Winterreise alifariki 1827, mwaka ule ule Schubert alipoyatungia muziki. Lakini tafsiri ina mwenyewe, na mara nyingi huyo bado anadai haki yake. Zidisha kwa mamia ya nyimbo, kwa lugha mbili au tatu, halafu ongeza gharama ya karatasi na uzito wa kusafirisha. Boksi la kuuzwa kwa bei ya chini haliwezi kubeba yote hayo. Kwa hiyo kinachokatwa kwanza ni tafsiri.

Tena usidhani ni maboksi ya bei rahisi tu. Lebo ya Hyperion walitoa nyimbo zote za Schubert katika juzuu 37, na mpiga piano Graham Johnson aliandika maelezo ya wimbo mmoja mmoja, marefu na matamu. Walipozikusanya kwenye boksi la CD 40 waliweka kitabu cha maneno yote na tafsiri, ambalo ni jambo la heshima, lakini maelezo ya Johnson hayakuingia. Baadaye yalitoka kama kitabu, na kikawa cha juzuu tatu. Hebu fikiria hayo yangeingia boksi gani. Waliouza juzuu zao 37 siku boksi lilipotoka nadhani wanajua wenyewe walivyolala.

Sisemi maboksi yote ni bahili. Boksi la kazi za Mozart liitwalo Mozart 225, la mwaka 2016, lina CD 200 na vitabu viwili vya jalada gumu. Na mwanamuziki Jordi Savall pale Alia Vox, lebo yake, anatoa vitabu hasa, vya lugha kadhaa, ambavyo CD zinaonekana kama zimepewa lifti tu. Ila la kwako ni la jaketi za santuri, na hayo yana tabia yake.

Jibu Fupi:
Mzee, nimesema yako mtandaoni.

Mzee wa Santuri:
Yapo, kweli. LiederNet, tovuti ya maneno ya nyimbo ya Emily Ezust, ipo tangu 1995 na ni hazina, nami naitumia. Ila inakupa shairi, haikupi tarehe ya kurekodiwa wala jina la aliyekaa kwenye piano. Na kwenye boksi la mtu aliyerekodi kazi ile ile mara tatu au nne katika maisha yake, hilo si jambo dogo. Pia msomaji wa kijitabu asidanganywe na ile P ndani ya duara: huo ni mwaka wa kutolewa, si wa kurekodiwa.

Alto wa Safu ya Pili:
Habari zenu. Mimi nilikuwa na tatizo hilo hilo ila la CD 600. Mkuu, kinachokula nafasi si kijitabu, ni plastiki. Kava lina unene wa sentimita moja, ilhali CD yenyewe ni milimita 1.2. Nunua bahasha laini zenye mifuko miwili, CD upande mmoja, kijitabu upande wa pili. Usitupe karatasi ya nyuma! Ile inayotoka chini ya trei, ambayo watu wengi hawajui kama inatoka. Fungua trei taratibu kwa ukucha kwenye kona, karatasi itanyanyuka yenyewe. Pale ndipo penye orodha, na mbavu zake mbili zilizokunjwa zina jina la kazi. Zinyooshe, zinageuka lebo ya kusomea unapopekua.

Angalizo: bahasha ziwe za polipropilini au polietilini. Zile za PVC zinazonuka kama pazia jipya la bafu huacha utando kwenye CD baada ya miaka. Zangu za mwanzo zilikuwa hizo, nikaishia kufuta moja moja kwa kitambaa, kutoka katikati kwenda ukingoni.

Na usiuze CD bila kijitabu chake. Kwenye muziki huu mnunuzi wa mkono wa pili huuliza kijitabu kabla ya kuuliza mikwaruzo.

Mzee wa Santuri:
Alto kasema vizuri. Mimi naongeza: kabla hujaamua, zitoe zote 34 uziangalie chini ya taa. Mambo mawili.

Kama una seti nene za miaka ya 1980, za CD mbili au tatu, huenda ndani kuna sponji. Itoe leo. Sponji ile huoza, inakuwa kama unga wa kunata, na ikishagandamana na CD hutaibandua bila madhara.

La pili, tazama rangi. Kuna kiwanda kule Blackburn, Uingereza, ambacho kati ya 1988 na 1993 kilitoa CD ambazo vanishi yake ya kinga ilishindwa kuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi ya vijitabu. Ndiyo, kijitabu ndicho kilichoila CD. Huanza ukingoni, rangi ya shaba, halafu inasogea ndani. Kwa kuwa ukingoni ndiko mwisho wa muziki, utasikia kelele kwenye wimbo wa mwisho kwanza.

Msikilizaji wa Usiku:
Wakuu, nimerudi. Nimezimwaga zote mezani. Tatu zina rangi ya shaba, moja imeshafika nusu. Nimeiweka nikasikiliza wimbo wa mwisho: kama mtu anakaanga kitu nyuma ya mwimbaji. Hizo tatu nabaki na vijitabu, muziki nasikilizia kwenye boksi.

Tisa nyingine "kijitabu" chake ni jani moja limekunjwa, orodha na matangazo ya CD nyingine. Hizo nauza na sitalia. Zilizobaki 22 zina maneno na tafsiri, zinahamia kwenye bahasha za Alto. Rafu imerudi kwa mwenyewe.

Swali moja la mwisho: bahasha za boksi zinabana mno. Nikivuta CD nasikia karatasi inasugua. Moja tayari ina mstari mwembamba.

Alto wa Safu ya Pili:
Usivute. Shika bahasha kwa mkono mmoja, bana kingo mbili kidogo mpaka mdomo uachame, halafu iinamishe CD iteleze yenyewe kwenye kiganja, uidake kwa ukingo na tundu la katikati. Ikigoma, angalia kama gundi ya mshono imevuja ndani, hilo hutokea. Mstari mwembamba unaotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi mashine inauruka. Ule unaozunguka na CD ndio wa kuogopa.

Msikilizaji wa Usiku:
Imeteleza. Shukrani. Mwenzangu amesoma uzi wote na sasa anataka kusikia huo wimbo wa "polepole". Tunaweka ya boksi, tunasoma kwenye kijitabu cha zamani.

Jibu Fupi:
Sawa, nimeelewa. Mwenye kuuza zenye vijitabu anitafute.