Mrejesho: programu yangu imehama leseni ya MIT kwenda leseni ya AGPL

Wakuu nimerudi, mimi ndo niliuliza kuhusu kampuni iliyochukua programu yangu ya foleni za meseji (inayopanga na kupitisha meseji kati ya programu nyingine), niliyoitoa bure kwa leseni ya MIT, ikaiboresha na kuiuza kama huduma bila kurudisha hata mstari mmoja wa kodi. Kumbe MIT inawaruhusu kabisa, inachodai ni notisi ya hakimiliki na maandishi ya leseni yabaki kwenye nakala basi. GPL ya kawaida, leseni inayodai anayegawa nakala atoe na sosi kodi (maandishi ya programu yenyewe), nayo isingenisaidia maana wanaiendesha kwenye seva zao, hawamgawii mtu nakala, AGPL toleo la 3 la 2007, ndugu yake GPL, ndo inabana hapo, ukiibadilisha lazima watumiaji wa mtandaoni wapate sosi kodi. Nimewaomba ruhusa kwanza wachangiaji wawili walioandika sehemu ya kodi, wamekubali, toleo jipya limetoka na AGPL. Matoleo ya zamani yanabaki MIT, siwezi kuwanyang'anya ruhusa hiyo, na hilo linaniuma kweli. Asanteni sana.