Naomba ushauri: orodha yangu ya vitabu kwenye simu imenishinda

Msomaji_Kibirizi: Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma, nauza dagaa na mawese mwaloni Kibirizi. Tangu mwaka jana vitabu ninavyosoma naviweka kwenye Microsoft To Do, ile programu ya kuorodhesha kazi. Kila kitabu ni kazi moja na tarehe yake ya kumaliza, nikimaliza natiki. Sasa hivi nikiifungua ni nyekundu tupu, tarehe zimepita. Usiku silali. Nihamie programu gani?

Mzee_wa_Stesheni: Mdogo wangu, kuhama si dawa. Mimi nilianza na Wunderlist. Microsoft waliinunua 2015, wakaifunga Mei 2020, nikahamishia orodha yangu humo humo To Do. Vitabu ambavyo sikuvisoma kule vilinifuata huku hivyo hivyo. Toa tarehe, kitabu si bili ya maji. Weka kazi moja inayojirudia kila siku, "kurasa 10". Ukiitiki ya leo, ya kesho inajileta yenyewe. Sura ziandike kama hatua ndani ya kitabu, utaona umefika 3 kati ya 12 na moyo utatulia.

Mama_Mwanga: Nunua kaunta buku. Mwaka niliojifungua mwanangu wa kwanza nilikuwa nasoma huku nanyonyesha, mkono mmoja mtoto, mwingine kitabu. Kila nilichomaliza niliandika jina, tarehe na sentensi moja iliyonigusa. Juzi nimelifungua, kuna ukurasa wino umesambaa kwa maziwa, nikakumbuka mpaka mvua za mwaka ule. Nyie vijana mnasoma ili mtiki.

Mwana_Kasulu: Tarehe hizo kakuwekea nani? Anayesoma kwa raha yake hakosi usingizi. Kuna kitu hujasema.

Mpenda_Migebuka: Mimi naulizia bei ya mawese tu, dumu la lita 20.

Msomaji_Kibirizi: @Mwana_Kasulu ni dada yangu, yuko Dar. Orodha tunashirikiana. Ananitumia vitabu kwa basi na tarehe anaweka yeye. Vilivyotikiwa ni 11.

Mwana_Kasulu: Na ulivyosoma?

Msomaji_Kibirizi: Vinne.
Mwezi ujao anakuja, kasema tukae tuvizungumze kimoja kimoja. Nimeshaamua nifute orodha, nimwambie simu ilitumbukia ziwani. Si uongo kabisa, iliwahi kutumbukia kweli, mashua ilipokuwa inashusha mzigo. Nyumbani tumebaki wawili, sitaki anione tapeli.

Mzee_wa_Stesheni: Orodha aliifungua nani?

Msomaji_Kibirizi: Yeye.

Mzee_wa_Stesheni: Basi wewe unaweza kutoka tu, kwake inabaki. Na simu kuzama hakufuti kitu, orodha inakaa kwenye akaunti. Utatunga uongo ambao hata haufanyi kazi.

Mama_Mwanga: Dada anatoa hela yake, ananunua kitabu, analipia na basi, wewe unatiki! Mwanangu, hapo umekosea, na ukiongeza la simu utakuwa umekosea mara mbili.

Kijana_wa_Isevya: Wakuu, hii ni chai. Mwezi wa tatu huyu huyu aliuliza humu betri ya simu ya kitochi. Leo ana programu ya Microsoft? Halafu dada atume vitabu 11 asiulize hata kimoja? Mnapoteza bando.

Mpenda_Migebuka: Kweli, hata bei ya mawese hajui.

Msomaji_Kibirizi: Kitochi ni ya baba mdogo, nilimuulizia yeye, rudi kausome ule uzi. Na dada anauliza. Kila nikitiki ananipigia. "Umemaliza? Kizuri?" Namwambia kizuri, halafu tunaongea mengine, saa nzima wakati mwingine. Nisipotiki zinapita wiki mbili tatu, yuko na kazi zake. Cha tano nilikitiki siku nilipoumwa malaria, nilitaka kumsikia tu. Kiko hapa kibandani, ukurasa wa 41 una alama ya kidole changu, mawese. Sijavuka hapo.

Kijana_wa_Isevya: Samahani kaka. Chai haina kidole cha mawese.

Mwana_Kasulu: Kumbe shida si programu. Mpigie bila kutiki.

Msomaji_Kibirizi: Nitampigia nimwambie nini?

Mama_Mwanga: Mwambie ulikuwa na malaria.

Mzee_wa_Stesheni: Na kabla hujapiga, gusa tena kile kiduara cha tiki, kitabu kinarudi juu kwenye ambavyo havijaisha. Anza na hicho cha tano. Chini yake kuna sehemu ya maelezo, andika ulipofikia, naye ataona.

Msomaji_Kibirizi: Nimetoa tiki saba. Cha tano nimeandika: "Dada, nimeishia ukurasa wa 41."
@Mpenda_Migebuka bei nitakupa kesho asubuhi, mzigo unaingia usiku.
Anapiga. Ngoja nipokee.